Midoli ya madabodi pale Makumbusho: kondoo Ramu fundi, panya kazingua

Wakuu, kuna dogo pale Makumbusho, jirani na mafundi simu, anatengeneza midoli ya viumbe kwa madabodi (zile bodi kuu) na vipande vingine vya kompyuta mbovu na kila kimoja kina jina na kikaratasi cha maelezo, mimi nilienda kutafuta chaja nikarudi Tegeta na viumbe vitatu vya elfu 25, wife mpaka leo hanielewi.

Wa kwanza Ramu. Kondoo dume, si Kiingereza "ram" ndo huyo huyo. Mwili ni kipande cha ramu ya zamani (ile memori ya muda ya kompyuta), vile vimeno vya dhahabu vya chini ndo kwato, pembe ni waya wa koili. Kikaratasi kinasema umeme ukikatika anasahau kila kitu mpaka jina la mama yake. Nilicheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia, maana ndo ramu yenyewe ilivyo, ukizima mashine tu vyote vilivyokuwemo vimepotea.

Wa pili Bibi Simosi (toka CMOS, ile sehemu ya bodi inayotunza saa na mipangilio), kabeba mgongoni ile betri ya duara kama sarafu, CR2032. Betri ikiisha anaamka anauliza huu mwaka gani. Kama ushawahi kuwasha desktopu ya zamani ukakuta saa imerudi nyuma miaka kibao na tovuti zinagoma kufunguka, huyu bibi unamjua vizuri. Ila betri niliitoa hapo hapo, mtoto akiimeza inamuunguza koo kwa ndani, na lehemu za bodi za zamani zina madini ya risasi (lead), kwahiyo hivi vitu vinakaa juu ya kabati basi.

Sasa panya. Hapa dogo kanikera aisee. Mausi ya kwanza ya yule mtafiti Douglas Engelbart na wenzake, 1964 huko Marekani, ilikuwa kisanduku cha mbao, ikaitwa panya kwa ule waya uliofanana na mkia. Yeye kachukua mausi ya wayalesi kabandika masikio na supaglu, mkia hamna, sasa upanya uko wapi? Na sikio moja lilidondoka hata Mwenge hatujafika.

Juzi nimemrudishia, hakubisha, kaniambia niache atachomelea waya. Pembeni alikuwa na Feni, ndege anayepiga kelele akijaa vumbi, anataka 15,000. Nimemwambia 10, tunavutana.