Nahau za Kiingereza: kukariri kwa kadi au kuzidaka kwenye mazungumzo?

Kadi zina faida moja kubwa: kasi. Nahau 5 kwa siku, upande mmoja sentensi nzima yenye pengo, upande wa pili jibu. Unazirudia kesho, siku ya 3, ya 7 na ya 14. Wengi huharibu kwa kuandika nahau na maana yake tu, bila sentensi. Matokeo yake mtu anajua kuwa “kick the bucket” ni kufa, kisha anaitia kwenye salamu za rambirambi, kumbe ni ya mzaha. Orodha nazo hupenda nahau zilizochakaa: “raining cats and dogs” (mvua kubwa inanyesha) haikosekani, ilhali wazungumzaji wenyewe hawaitumii sana.

Kusikiliza kunakwenda polepole, lakini unapata kile ambacho kadi haina: nani anamwambia nani, na kwa sauti gani. Chukua kipande cha dakika 2 cha mahojiano. Sikiliza kwanza bila maandishi, mara ya pili ukiwa nayo, ya tatu ukisema sambamba na msemaji. Hapo utasikia “let's call it a day” (tuishie hapa kwa leo) ikitoka kwa mkupuo mmoja, “call it a” zikishikana kama neno moja. Weka “the” badala ya “a”, na nahau imevunjika. Ubaya wake? Nahau inaweza kupita leo isirudi hadi mwezi ujao, nawe umeshaisahau.

Mwenye mtihani wa karibuni aanze na kadi. Anayetaka kuongea asikilize kwanza, kisha kadi azijaze kwa alichokisikia. 3 kwa siku zatosha.