Kihisi cha kiatu: uzoefu wangu wa kukimbia na kutembea Dar

Kihisi ninachokizungumzia ni kile kidogo cha kubana kwenye kamba za kiatu ili kupima kasi, umbali na hatua, uzito wake kama gramu 10, kinachotumia betri ya kitufe ya CR2032 na kuwasiliana kwa Bluetooth na ANT+ (njia nyingine ya mawasiliano bila waya). Nakitumia pamoja na saa ya mkononi, simu naiacha nyumbani. Anayefikiria kununua ajue hivi: kifaa hiki kinafaa sana Dar, lakini namba zake za siku ya kwanza haziaminiki. Kisiposawazishwa na mguu wako, kinakosea kila siku kwa kiwango kilekile, na kosa la namna hiyo ni gumu kulishtukia.

Faida yake inaonekana zaidi mjini kati. GPS inataka mawimbi ya satelaiti yafike moja kwa moja. Ukikimbia katikati ya maghorofa ya Samora, Azikiwe au Kariakoo, mawimbi yanagonga kuta kwanza ndipo yafike mkononi, na saa inaamini umerukia mtaa wa pili. Baadaye ukifungua ramani unakuta mstari umepita juu ya mapaa, na kilomita zimeongezeka bure. Kihisi hakina habari na satelaiti. Ndani yake kuna kipimamchapuko kinachosoma jinsi mguu unavyoinuka, unavyosukumwa mbele na unavyotulia chini, kisha kinakadiria urefu wa hatua. Kwenye Daraja la Tanzanite mbingu iko wazi na GPS haina shida ya umbali, ila hata pale kihisi kinaishinda kwa jambo moja: ukiongeza au kupunguza kasi, namba inabadilika ndani ya sekunde chache, wakati GPS bado inajikongoja nyuma yako.

Kwa watembeaji kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Saa peke yake inahesabu hatua kwa kutegemea mkono unaopunga. Ukiwa umebeba mfuko wa sokoni, umeshika mwavuli au umemshika mtoto mkono, inapoteza hatua nyingi. Mguu haufichi kitu.

Sasa kusawazisha, na hapa usifanye haraka. Tafuta kiwanja chenye njia ya kukimbilia ya mita 400, ukimbie njia ya 1, ya ndani kabisa, mizunguko minne: mita 1,600. Njia ya ndani ni lazima. Njia ya 2 ina kama mita 407 kwa mzunguko, na ya 4 ina kama 422, kwa hiyo mizunguko minne ya njia ya 4 inakuzidishia karibu mita 90, zaidi ya asilimia 5, na kihisi chako kitaharibika hesabu kuanzia hapo. Pasha mwili kwanza, kimbia kwa kasi yako ya kawaida ya mazoezi, na usisimame katikati. Ukimaliza, gawanya umbali halisi kwa umbali ulioonyeshwa, zidisha kwa kigezo kilichomo kwenye saa, yaani namba inayotumika kurekebisha umbali wa kihisi. Tuseme kigezo ni 100 na saa imesoma mita 1,550: 1,600 gawanya kwa 1,550, zidisha 100, unapata 103.2. Hiyo ndiyo unayoiandika kwenye mipangilio. Rudia siku nyingine. Majibu mawili yakipishana chini ya 1, tulia nalo.

Huna kiwanja? Azima futi ndefu ya mita 50, ile ya mafundi wa kupima viwanja. Pima mita 250 kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, weka alama ya chaki mwanzo na mwisho, uende na kurudi mara mbili. Geukia kwenye alama yenyewe bila kuzunguka kwa upana. Usitumie ramani ya simu kupima, wala umbali uliotangazwa wa njia ya mbio za hisani.

Umuhimu wa asilimia hizi chache ni huu: kihisi kinachosoma pungufu kwa asilimia 3 kinamwonyesha mtu anayekimbia dakika 6:00 kwa kilomita kwamba anakwenda 6:11. Atajilazimisha kuongeza mwendo asioupanga, na katika joto la Dar mwili unalipa bei hiyo kabla ya kilomita ya nane.

Kutembea ni hesabu nyingine kabisa. Hatua ya kutembea haina sekunde ile ambayo miguu yote miwili iko hewani, na mguu unakaa chini muda mrefu zaidi, kwa hiyo kigezo cha kukimbia hakikufai. Baadhi ya programu zina sehemu mbili, moja ya mbio na moja ya kutembea, zijaze zote. Kama yako ina kigezo kimoja tu, andika viwili kwenye daftari na ubadilishe kabla ya kutoka. Inachosha, najua, lakini bila hivyo kilomita zako za kutembea ni makisio tu.

Ufungaji ndio unaoharibu kazi ya watu wengi. Toa kamba kwenye matundu mawili ya kati, pitisha chini ya kibanio, kisha zirudishe na kukaza. Ukikishika kwa vidole na kukitikisa, kiatu chote kitikisike nacho. Kikicheza peke yake, kila mchezo huo unasomwa kama mwendo. Kikishakaa, kisihame: ukikisogeza kutoka katikati ya kamba kwenda karibu na vidole, pembe yake inabadilika na kigezo kinakwenda na maji. Kiatu kipya, kigezo kipya. Mimi naandika kigezo cha kila kiatu kwa kalamu ya wino mzito chini ya soli ya ndani.

Kuunganisha kuna mitego midogo. Usikiunganishe kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu. Kiunganishe ndani ya programu yenyewe au kwenye saa. Kwa Bluetooth, vihisi vingi vinaongea na kifaa kimoja kwa wakati, kwa hiyo simu ikikishikilia, saa itatafuta mpaka ichoke. Kwenye simu nyingi za Android za zamani ni lazima uwashe huduma ya mahali, la sivyo utafutaji hauleti kitu. Tembea hatua chache kukiamsha. Fanya yote haya nyumbani, siyo kwenye kundi la wakimbiaji, maana saa inaweza kukamata kihisi cha jirani. Halafu ingia kwenye mipangilio ya chanzo cha kasi, uchague kihisi kitumike wakati wote. Saa nyingi zinakuja zimepangwa kutumia GPS nje na kihisi ndani ya jengo tu. Kama saa inasawazisha kihisi yenyewe kwa kufuata GPS, zima sehemu hiyo ikiwa unakimbilia mjini. GPS iliyopotoka pale Posta itakuharibia kigezo ulichokitolea jasho. Ukiona hatua 82 kwa dakika badala ya 164, usishtuke: programu inahesabu mguu mmoja.

Kwenye mchakamchaka wa klabu za jogingi matokeo yanayumba. Kundi linaimba, linaruka, linapiga mguu mahali pamoja likisubiri magari yapite, na kihisi changu kinaongeza mita wakati watu hawajasogea. Kwa mazoezi hayo nahesabu dakika, siyo kilomita. Mchanga wa Coco Beach nao ni vivyo hivyo: mguu unateleza nyuma, hatua inafupika, usisawazishie pale. Maji yakipwa na mchanga ukawa mgumu, kosa linapungua.

Bahari inaleta jambo jingine, chumvi. Baada ya kila mazoezi ya ufukweni nakitoa, nakisuuza kwa maji baridi ya bomba na kukifuta. Chembe za mchanga zikikaa kwenye bawaba ya kibanio zinaila mpaka inalegea. Kabla ya kufua viatu, kitoe. Kuzuia jasho na mvua ya masika siyo sawa na kuzuia ndoo ya sabuni.

Kihisi kikianza kukatika-katika, shuku betri kwanza. Soma namba yenyewe: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Madukani wakiishiwa watakupa CR2025 wakisema ni ileile. Unene wake ni 2.5, haigusi vizuri, na kila ukikanyaga kwa nguvu mawasiliano yanakatika. Ukiwa na mita ya fundi umeme, betri nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Zipo pia zilizopakwa ladha chungu ili mtoto aziteme. Ni jambo jema, ila kwenye baadhi ya vifaa mpako huo unazuia umeme usipite, na mtu anadhani kauziwa mbovu. Ukibadilisha, angalia mpira mwembamba wa kuzuia maji umekaa kwenye mfereji wake bila kujikunja. Betri ya zamani usiiache mezani hata dakika moja kama kuna mtoto ndani ya nyumba. Akiimeza inaunguza koo ndani ya saa chache, na hapo ni hospitali moja kwa moja.

La mwisho ni kwa wanunuzi wa viatu vya mtumba. Ukiinua soli ya ndani ya kiatu cha kushoto cha Nike ukakuta kishimo cha mviringo chenye kipande cha sponji, hakijaharibika. Kilitengenezwa kwa ajili ya kihisi cha Nike na Apple kilichotoka 2006, ambacho betri yake haibadilishwi. Ukikutana na kihisi chenyewe kimetumika, usitoe hela. Kiatu kinunue, sponji irudishe kwenye kishimo ili mguu usidumbukie, na kihisi chako kibane kwenye kamba kama kawaida.