Spika ya rimoti na filimbi ya mdomo: kipi kinamfaa mwita koyoti vichakani Texas Kusini

Spika za kuitia wanyama, zinazotoa milio ya kumvuta mnyama hadi kwa mwindaji, huuzwa kwa sifa tatu: ukubwa wa sauti, idadi ya milio na umbali wa rimoti. Kwenye vichaka vya Texas Kusini, ambako miti ya miiba ya mesquite na huisache pamoja na mipungate imesongamana hadi huoni hatua kumi mbele, sifa mbili za kwanza hazina uzito mkubwa. Ya tatu ndiyo ya kulipia, na ndiyo ambayo maandishi ya kwenye boksi huitia chumvi zaidi.

Koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini, huja kwa sikio lakini huthibitisha kwa pua. Kabla ya kujitokeza huzunguka hadi upande upepo unakoelekea, anuse kilicholia. Ukipuliza filimbi, sauti na harufu yako zinatoka mahali pamoja; akinusa anageuka, na kichaka kinamficha hata usijue kwamba alifika. Spika inatenganisha vitu hivyo viwili. Tafuta mkuza uliofyekwa, ambao wenyeji huuita sendero, unaokatiza upepo. Tundika spika kwenye ukingo wa upande upepo unakotoka, nawe kaa mita 30 hadi 40 pembeni, ndani ya mkuza huohuo, mgongo kwenye kichaka. Akitaka kuinusa spika itambidi atoke au akatize kwenye uwazi, na harufu yako inapita kando yake.

Sasa rimoti. Umbali ulioandikwa ni wa uwanda mtupu. Majani mabichi, hasa yenye umande, hunyonya mawimbi ya redio, na spika iliyowekwa chini hupoteza zaidi. Itundike kimo cha kiuno hadi kifua, antena ikiwa wima na isiguse shina. Ukishakaa, jaribu kunyamazisha kwa rimoti kabla ya jambo lolote. Kasoro inayoumiza hapa ni moja: koyoti yuko mita 20, unataka kuzima, na mashine inaendelea kupiga kelele. Rimoti inayoonyesha kwenye skrini kwamba amri imefika inastahili nyongeza ya bei. Isiyoonyesha ni kubahatisha.

Sauti kubwa? Vichakani mnyama anaweza kuwa amelala karibu sana na ulipoketi. Anza chini kabisa kwa dakika mbili, ndipo upandishe taratibu, ukiweka vipindi vya kimya. Zaidi ya hayo, spika ndogo ikifunguliwa hadi mwisho hukwaruza, na mlio unaokwaruza haufanani tena na sungura aliyekamatwa.

Wingi wa milio ni pambo. Sungura, ndege wa aina ya kigong'ota, na vitoto vya koyoti wanaolia kwa maumivu vinatosha. Huo wa mwisho ni wa mara baada ya risasi, maana mwenza wa koyoti aliyepigwa huweza kusita au kurudi. Johnny Stewart wa Waco aliuza milio ya namna hii kwenye santuri, na wawindaji walipata wanyama bila maktaba ya mamia ya sauti. Mlio wa mtoto wa javelina, mnyama anayefanana na nguruwe mwitu, usiuchezee ukiwa umeketi chini: huweza kuleta kundi zima, tena lenye hasira.

Kwenye betri, zile za kuchaji za nikeli hushikilia volti 1.2 karibu hadi mwisho. Za alkali huanza 1.5 kisha hulegea mzigo ukizidi, na dalili ni sauti kukatika ukipandisha. Betri ya rimoti nayo husahaulika, ilhali bila yake spika yote ni bure. Manyoya yanayozungushwa na mota yana faida yakiwa ndani ya mkuza, yakiyashika macho ya mnyama yasikutafute. Yakifichwa na matawi ni uzito wa begi tu.

Filimbi bado iwemo mfukoni, na iwe ya ulimi wazi, yaani kipande chembamba kinachotetemeka kiwe nje ili ukibane kwa mdomo. Ile ya ulimi uliofungiwa ni rahisi, lakini ina sauti moja na hukwama kwa mate au vumbi. Kwenye ulimi wazi, ukibana karibu na ncha unapata mlio mwembamba wa panya. Ukiusogeza ndani ya mdomo unashuka hadi mlio mnene wa koyoti. Kazi yake kuu ni mguno mdogo wa kumsimamisha mnyama anayekimbia, kazi ambayo rimoti huchelewa. Ukinata, pitisha uzi wa kuvulia samaki kati ya ulimi na kibao kinachoubeba. Usiufungue: ukisogea kidogo tu, sauti yake hairudi ilivyokuwa.

Seti hii inaendana na bunduki ya marisau ya geji 12 kwa mita zisizozidi 35. Raifo ni ya mikuza mirefu. Ukae dakika 15 hadi 20, kisha uhame kama mita 600, kwa kuwa kichaka humeza sauti na koyoti wa huko hawajakusikia. Texas haina msimu wa kufunga uwindaji wa koyoti na spika zinaruhusiwa kwao, ila leseni huhitajika kwa kawaida, na ardhi karibu yote ni ya watu binafsi, hivyo kibali cha mwenyewe kije kwanza. Siku ya joto, piga fimbo chini ya kichaka kabla ya kuinama kutundika spika. Nyoka wa njuga hupenda kivuli kilekile.