Bastola ndogo ya Ulaya: ipi uchukue, ipi uache

Swali ni lile lile kila siku, nichukue bastola ya Glock au ya CZ, na mi kila mara namrudishia mtu swali lingine: springi yake ikichoka utaipata wapi? Wengine wanaona nawazungusha tu. Lakini bastola ya kutoka nje ni kama gari la kutoka nje, siku ya kwanza linang'aa, mwaka wa nne ndo unajua ulinunua nini. Kwahio mpangilio wangu hapa haufuati ipi ni nzuri kwa macho, nimepanga kwa vitu viwili, mkono wako na spea, hayo mengine yote yanafuata nyuma.

Kabla hujapenda chochote uliza sheria ya unapoishi. Kibali kwanza, alafu uliza magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) inaruhusiwa risasi ngapi maana kuna sehemu ukizidisha 10 ni kesi, na uliza pia kama modeli yenyewe inaruhusiwa kuingia. Marekani kwa mfano tangu sheria ya 1968 bastola inayotoka nje inahesabiwa pointi, urefu, uzito, kimo na kadhalika, na Walther PPK ya watu ilifeli hapo hapo kwenye kimo! Wakachukua slaidi ya PPK (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) wakaiweka juu ya fremu (sehemu ya chini yenye mpini) ya PP, kaka yake, ambayo ni ndefu kidogo kwenda chini, ikazaliwa PPK/S. Yani bastola nzima ipo duniani kwasababu ya rula ya mtu wa forodha.

Ninaposema ndogo simaanishi ile ya kupotelea mfukoni. Namaanisha saizi ya kati, mtutu wa karibu milimita 95 mpaka 102, magazini ya risasi 14 au 15, inafyatua 9x19, yani risasi ya kipenyo cha milimita 9 na ganda la milimita 19, ambayo Georg Luger aliitoa 1902 na mpaka leo ndo inayopatikana kila mahali. Saizi hii vidole vyote vinashika mpini, unaweza kufanya nayo mazoezi ya risasi 200 bila mkono kulia, na bado inafichika kwenye holsta (mfuko wake wa kiunoni) ukiwa umevaa shati la kawaida. Zile ndogo kabisa watu wanazinunua kwa macho, wanapiga risasi 30 tu alafu wanaziacha kwenye sefu, maana kadri bastola inavyokuwa nyepesi ndo inavyokurushia teke.

Sasa mkono. Ukifika dukani toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) kwa macho na uingize kidole, hata kama muuzaji ameshaangalia mbele yako, angalia tena. Shika bastola mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono, alafu weka kidole cha shahada kwenye triga, kile kifyatulio. Nyama ya kidole, pale penye alama za dole, ndo ikae kwenye triga. Kama inafika ncha tu au inabidi uzungushe mpini kiganjani, bastola hio ni kubwa kwako, achana nayo hata kama rafiki zako wote wanayo. Baada ya hapo koki, yani vuta slaidi mpaka mwisho uiachie, mara 10 mfululizo. Mara ya kwanza kila mtu anaweza, mara ya nane ndo utajijua.

Haya, namba moja ni Glock 19. Najua, najua, mnategemea niseme kitu kipya. Mi mwenyewe kwakweli sio shabiki wake, ule mpini umelala kwa pembe yake ya peke yake na mtu aliyezoea bastola zingine akiinua anakuta mtutu unatazama juu ya shabaha, na triga yake ni kama kukanyaga sponji alafu ukuta. Lakini ipo tangu 1988, ni mdogo wake Glock 17 ambayo jeshi la Austria liliichukua 1982 na kuiita P80, na kwa miaka yote hio imetapakaa kiasi kwamba spea, holsta, saiti (vya kulengea shabaha) na mafundi wanaoijua unavipata kirahisi kuliko vya bastola nyingine yoyote kwenye orodha hii. Magazini ya 17 inaingia kwenye 19, inachomoza tu kidogo chini, kwahio hata ukikosa yake hukwami. Bila magazini ni gramu 600 na kidogo tu. Ukinunua chukua Gen5, yani toleo la tano, ya kuanzia 2017, kwasababu walitoa yale mawimbi ya vidole mbele ya mpini, ambayo kama vidole vyako havilingani na vya mchoraji yalikuwa mateso.

Vitu viwili kuhusu Glock ambavyo muuzaji anaweza asikwambie. Kwanza, kuifungua kwa usafi lazima uvute triga, na hapo ndo watu wametoboa meza, kuta na mapaja yao, sio kwa ubaya wa bastola ila kwa mtu aliyetoa magazini akasahau kwamba moja imebaki chembani. Pili, kampuni yenyewe inakataza risasi za risasi tupu, samahani Kiswahili kinatuchezea hapa, namaanisha kichwa cha madini ya risasi kisichofunikwa shaba, kwasababu yanaganda ndani ya mtutu na presha inapanda. Kama we ni mtu wa kujitengenezea risasi nyumbani au unanunua zile rahisi za vichwa vya kijivu, litafakari hilo mapema.

Namba mbili CZ P-10 C ya Jamhuri ya Czech, na kama ingekuwa ni mkono peke yake ingekuwa namba moja. Ilitoka 2017, kila mtu akasema ni Glock ya Wacheki, na ni kweli ukiziweka kando kando utacheka, mtutu karibu sawa, risasi 15 kwa 15. Tofauti unaikuta ukishika. Mpini umeingia ndani pale juu penye mkunjo wa kidole gumba, mkono unapanda juu kabisa chini ya slaidi na bastola inaruka kidogo, na triga inaachia safi bila kukuvuta vuta. Inakuja na migongo mitatu ya mpini ya kubadilisha. Zile za mwanzo mwanzo kitufe cha kutolea magazini kilikuwepo pande zote mbili na kilikuwa kigumu mno, baadae wakaweka kimoja cha kuhamisha upande, kwahio ukikutana na ya mtumba kibonyeze mwenyewe kwanza. Kilichoishusha kwangu ni magazini na vidude vya ndani, vipo ila sio kila kona, itabidi uagize na usubiri.

Tatu nampa Walther PDP Compact ya Ujerumani, ya 2021, na hapa nitakaa kidogo maana kuna kitu watu wanapitwa. Sifa ya Walther ni triga, na sifa hio ni ya haki, inavutika fupi na inarudi fupi kiasi kwamba mtu mpya anajikuta amepiga risasi ya pili kabla hajajiandaa, jambo ambalo sio zuri kwa kila mtu. Slaidi imechongwa meno makubwa hata mkono wa jasho haitelezi, na tayari imetengenezwa kupokea saiti ya nukta nyekundu. Ila ni nene juu, ile slaidi ni tofali, na kwenye kiuno utaisikia. Sasa kinachopitwa ni kwamba 2022 walitoa PDP ya F, wakaitangaza kama ya wanawake na wanaume wengi wakairuka kwa aibu, kumbe walichofanya ni kusogeza triga karibu na mpini, wakapunguza unene wa mpini na kulegeza nguvu ya kukoki. Mwanaume mwenye mkono mfupi, mzee mwenye vidole vya baridi yabisi, hio ndo bastola yao. Mi nimemwona mtu akihangaika miaka na risasi zinaenda kushoto kila siku, tatizo lilikuwa umbali wa triga tu, sio macho wala kupumua kama alivyokuwa anaambiwa.

Hizo tatu zote zinatumia pini ya ndani kupigia risasi, hazina nyundo ya kuonekana, na kwa kawaida hazina kitasa cha usalama cha kusukuma kwa kidole. Usalama wake ni kidole chako na holsta inayofunika triga yote, holsta ngumu sio zile za kitambaa laini zinazojikunja zikaingia kwenye triga. Kama hilo linakunyima usingizi basi nenda kwenye bastola za nyundo, hakuna aibu.

Kwenye nyundo kwangu ni CZ P-01. Hii ni mtoto wa CZ 75, ile waliyochora ndugu wawili wa ukoo wa Koucký kule Uherský Brod miaka ya 70, ila fremu yake ni ya alumini na mtutu mfupi, na ilichaguliwa na polisi wa Czech. Ina kitufe cha kushusha nyundo taratibu bila kugusa triga, kwahio unaibeba nyundo ikiwa chini, risasi ya kwanza triga ni ndefu na nzito, zinazofuata ni nyepesi. Inahitaji mazoezi, risasi ya kwanza na ya pili ni kama bastola mbili tofauti. Uzuri wake ni uzito, inatulia mkononi kama jiwe. Ubaya ni kwamba kwenye ukoo huu wa CZ slaidi inapita ndani ya fremu badala ya kuifunika, kwahio sehemu ya kushika wakati wa kukoki ni nyembamba, na mikono dhaifu itaangaika. Na usiifyatue tupu tupu kila jioni bila risasi ya bandia chembani, kuna kipini kinachoshikilia pini ya kupigia na kwenye ukoo huu kinajulikana kwa kukatika kwa mchezo huo. Pesa ndogo tu ila ukikikosa bastola imelala.

Beretta PX4 Compact ni ya watu wanaopenda kuwa tofauti na mi nawaelewa. Wakati karibu bastola zote hapa mtutu unainama ndio unafunguka, huu unazunguka, na lile teke linakuja kama msukumo mmoja wa polepole. Risasi 15, triga ya nyundo kama ya P-01, mtutu mfupi zaidi ya hizo zingine. Inataka grisi kwenye lile jino la kuzungukia, sio mafuta mepesi ya matone mawili, grisi. Kitasa kipo juu kwenye slaidi na wakati wa kukoki kwa haraka unaweza kukishusha bila kujua, hilo ndo linaniudhi. Kampuni ipo tangu 1526 lakini umri wa kampuni haukuletei springi, uliza spea za modeli hio hio maana sio maarufu kama modeli yao ya 92.

HK P30 nimeiweka chini na najua nitatukanwa. Imetengenezwa vizuri kuliko zote, mgongo na mbavu za mpini zinabadilishwa kwa michanganyiko 27, hakuna mkono usioweza kuishika. Magazini unatoa kwa kubonyeza kijiti chini ya ile duara inayolinda triga, ukizoea hutaki kurudi kwenye vitufe. Shida ni bei yake, na zaidi ya hapo bei ya magazini yake, mtu anaishia kuwa na magazini mbili tu na bastola ambayo anaogopa kuichubua. Kama pesa sio tatizo ipandishe mpaka ya pili, sitabishana.

SIG je? Ukitaka SIG ya Ulaya unatafuta mtumba, kiwanda cha Eckernförde Ujerumani kilifungwa 2020 na zile mpya za kawaida ni za Marekani. P228 ya zamani ya Ujerumani ni tamu ila wakusanyaji wameshaipandisha. PPK nayo ni ya kupendeza kabatini, mtutu umekaa palepale hausogei, kinachozuia slaidi ni uzito wake na springi tu, kwahio springi ni ngumu na risasi yake ndogo inapiga teke kuliko 9x19 ya bastola kubwa. Nunua kwa mapenzi, usinunue kwa mazoezi.

Mtumba wa Ulaya una faida moja, unasomeka. Ya Ujerumani tafuta alama ya majaribio, muhuri wa kuonyesha imepimwa, pembe ya kulungu maana yake imepimwa mji wa Ulm, na pembeni herufi mbili za mwaka ambapo A ni 0, B ni 1, C ni 2 ukiendelea hivyo mpaka K ambayo ni 9 maana J wameiruka, kwahio BE ni 2014 hata kama muuzaji anaapa ni ya juzi. Alafu soma risasi iliyoandikwa kwenye mtutu. Raia wa Italia kwa miaka mingi hawakuruhusiwa 9x19, wakawa wanauziwa bastola zile zile kwa 9x21, kwa macho huwezi kuzitofautisha na namba hio ndogo ndo inaamua kama utapata risasi au umenunua pambo. Na siku hio hio unayolipia, lipia pia magazini mbili za ziada na springi kubwa mbili, springi ya slaidi wengi wanaibadilisha kila risasi 5,000 au kabla, na ukisubiri mpaka bastola ianze kukwama ndo uagize, utakaa wiki kadhaa unaitazama tu.