ERPNext kwenye hadiwea yetu, mwaka na nusu sasa

Mimi ni mhasibu wa hadiwea moja hapa Mwanza, tuna duka na stoo mbili. Zamani stoo wana daftari lao, kaunta wana lao, mimi nina Excel yangu, bosi akiuliza simenti imebaki mifuko mingapi anapata majibu matatu. Mteja analipia nondo dukani, akifika stoo anaambiwa ziliisha jana. Inauma sana kumrudishia mtu hela wakati fuso ameshaikodi.

Ndo tukaweka ERPNext, programu ya aina ya ERP, yaani ya kuendesha shughuli zote za biashara kwenye mfumo mmoja. Inatengenezwa na Frappe, kampuni ya Mumbai kule India, na ni chanzo huria, leseni hulipii, unalipia sava na fundi wa kukufungia. Wengi wanadhani ERP ni programu ya uhasibu, hapana, uhasibu ni kipande tu. Manunuzi, stoo, mauzo, madeni, vyote vinasoma sehemu moja. Dada wa kaunta akipitisha invoisi ya mabati 20 ya mali kauli, palepale stoku inapungua, deni la mteja linapanda, VAT inakaa kwenye akaunti yake na gharama ya mzigo inaingia vitabuni, mimi sijagusa kitu.

Ila miezi mitatu ya kwanza tuliteseka jamani, na kosa lilikuwa letu. Tuliingiza Excel ya zamani kama ilivyo, kwa hiyo nondo ya milimita 12 ikaingia mara tatu, kuna "nondo 12", kuna "nondo mm12", kuna "nondo12", na kwa vile tuliruhusu stoku iende hasi ili mauzo yasikwame, moja ikasoma hasi 140 wakati nondo zenyewe unaziona zimelala pale. Misumari ndo usiseme, tunanunua kwa katoni tunauza kwa kilo, na hatukuweka kwamba katoni ni kilo 25, basi mtu akiuza kilo 3 mfumo unatoa katoni 3!

Tulifunga Jumapili mbili tukahesabu upya, mzee wa stoo anataja mimi naandika, jina moja kwa kila bidhaa, kipimo kimoja. Toka hapo imetulia. Yule mzee kila hesabu alikuwa anaonekana ana upungufu, juzi akaniambia, "Mwanangu, mwaka huu ndo sijaitwa mwizi." Nilijisikia vibaya kwa miaka yote ile.

Ninachokipenda zaidi ni ripoti ya wadaiwa, inapanga nani ana siku 30, nani amepita 90, asubuhi naanza kupiga simu nikiwa na uhakika. Risiti ya EFD, ile ya kodi, bado tunatoa kwenye mashine yake maana hatujaunganisha, kwa hiyo kaunta wanaandika mara mbili na foleni ikiwa ndefu inachosha, hilo ndo tunalifanyia kazi sasa hivi. Intaneti ikikata tunarudi kwenye daftari halafu jioni tunaingiza. Kama una duka moja na bidhaa hamsini, Excel inakutosha kabisa, usijibebeshe mzigo huu mapema.