Beep ya Linux: kaprogramu kadogo ila kamenipumzisha macho

Nimeitumia beep, kaprogramu ka kupiga mlio kwa amri, kama miezi minane sasa na naipa nyota nne, ya tano ntasema imepotelea wapi. Bakapu yangu inakula hata dakika 40, zamani nilikuwa naichungulia kila saa kama chungu jikoni, siku hizi naiwasha naenda zangu chumba cha pili nasikiliza tu. Uzuri wake inapiga ile spika ndogo ya kwenye mazabodi, sio spika za muziki, kwa hiyo hata volyumu ukiwa umezima au mashine haina kadi ya sauti kabisa, inalia.

Na mlio unauchagua mwenyewe, hapo ndo imeniteka. -f ni hezi (wembamba au uzito wa mlio), -l ni urefu kwa milisekunde, -r ni mara ngapi. Mwisho wa skripti yangu (faili la amri) uko hivi:

if ./bakapu.sh; then beep -f 1000 -l 150 -r 2; else beep -f 200 -l 900; fi

Ikimaliza salama unasikia ti-ti nyembamba, ikifeli unakuja mlio mmoja mzito wa kukokota. Wiki iliyopita usiku niliusikia huo mzito nikiwa kitandani, kwenda kuangalia diski imejaa, nikafuta bakapu za zamani nikaianzisha upya palepale.

Sasa nyota iliyopotea. Distro (matoleo ya Linux) nyingi zimefungia moduli ya pcspkr, ndo dereva wa hiyo spika ndogo, unainstall beep vizuri halafu kimyaaa, mi nilihangaika jioni nzima kabla ya kujua ni sudo modprobe pcspkr tu basi. Laptop nyingi mpya spika hiyo hazina kabisa. Na tafadhali msiiwekee setuid (alama ya kuifanya iendeshwe kwa nguvu za mwenye faili, yaani root, bosi wa mashine) ili kukwepa shida ya ruhusa, mwaka 2018 lilipatikana tundu (CVE-2018-0492) ambalo kwa njia hiyohiyo yuza wa kawaida angeweza kujipandisha kuwa root, bora umpe yuza wako ruhusa ya kile kifaa cha spika kwa udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa.

Kingine, ukiwa umeingia kwenye seva kwa mbali kwa ssh, beep inalia hukohuko kwa seva, wewe husikii kitu. Hapo natumia printf '\a', ni ile herufi ya kengele, namba 7 kwenye ASCII (orodha ya namba za herufi), inasafiri mpaka kwenye terminali yako (dirisha unaloandikia amri) ndo inalia kwako, mradi kengele hujaizima kwenye setingi. Mlio ni huo mmoja tu, huchagui.