Kibanda cha Raba za Kukimbia, Soko la Toi: Kijana Aliyekataa Pesa Zangu

Kibanda hiki cha raba za mtumba hakina bango. Ukitokea Adams Arcade, hapa Nairobi, ingia Toi upande wa viatu, pita vya watoto, kisha uliza "yule wa raba za kukimbia". Utaonyeshwa. Nimenunua kwake jozi tatu katika miezi kumi na sita, na ninaandika haya kwa ajili ya watu wa rika langu, waliovuka miaka arubaini na tano ndipo wakazipenda mbio ndefu.

Nina miaka 49. Nilianza na raba mpya kabisa za shilingi 11,500 kutoka duka moja la katikati ya mji. Muuzaji aliniuliza napenda rangi gani. Ninakimbia wapi, mara ngapi kwa wiki, hayo hakuyagusa. Nikamtajia namba 39, kwa kuwa ndiyo niliyovaa tangu usichana. Kufikia wiki ya sita kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi, na kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imekaza hivi kwamba asubuhi nilitembea kwa kushika ukuta mpaka nifike jikoni.

Basi nikaenda Toi. Nilikuta raba nyeupe yenye soli nene na bamba jembamba gumu la kaboni ndani, jamii ya zile alizovaa Eliud Kipchoge kule Vienna Oktoba 2019 alipomaliza kilomita 42.195 kwa 1:59:40. Bei 4,500. Nilikuwa nimeshatoa simu nilipe. Kijana akaichukua mkononi mwangu, akaiweka nyuma yake.

"Mathe, hii si yako."

Nilikasirika, nikafikiri ananidharau kwa umri. Akaniomba niketi, akaeleza bila haraka. Sponji ya raba hizo ni nyepesi na huchoka mapema kuliko ya kawaida. Mwenye kwanza ameshazila kilomita zake. Halafu akaniuliza ninatarajia kukimbia 42 kwa saa ngapi. Nikamwambia tano, au zaidi kidogo. "Basi tafuta kiatu cha kukubeba hizo saa tano."

Akalaza katoni chini, nikasimama juu yake pekupeku, akachora miguu yote miwili kwa kalamu. Ilikuwa saa kumi jioni, na alinisifu kwa kuja wakati huo, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, kama unavyovimba kwenye mbio. Mguu wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Namba yangu halisi ni 41. Nimezaa watoto watatu na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimba hulegeza kano za unyayo, upinde ukashuka, mguu ukarefuka na usirudi tena. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenitibu kisigino alinithibitishia baadaye. Miaka kumi na minane nilivaa kiatu cha mwanamke niliyekuwa kabla ya kifungua mimba wangu!

Alichonifundisha siku hiyo ndicho ninachokithamini kuliko bei. Usianze na uso wa kiatu, maana kikioshwa na kutiwa kamba mpya kila kiatu hung'aa. Kiweke juu ya ubao ulionyooka ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, kimechukua umbo la mwenzako, na goti lako ndilo litakalolipa. Tazama sponji ubavuni. Mikunjo mingi myembamba, kama shingo ya kobe, ina maana kwamba imeshinikizwa mpaka haipandi tena. Bonyeza kwa kidole gumba na usikie kama inasukuma kurudi. Ingiza mkono ndani, upapase kitambaa cha kisigino usikie kama kimechakaa. Kisha soma lebo iliyo ndani ya ulimi, kwa kuwa kampuni nyingi huandika hapo tarehe ya kutengenezwa. Raba iliyokaa stoo miaka mingi, hata kama haijavaliwa, sponji huwa imekakamaa na gundi imezeeka.

Kwa sababu ya ile kano, alinichagulia raba ambayo kisigino kimeinuka milimita kumi hivi kuliko mbele, ili misuli ya nyuma ya mguu isivutwe sana. Ilikuwa ya kiume, ya kijivu, haina mvuto wowote. Nililipa 2,800. Nilikimbia nayo kilomita 430, nimeziandika kwenye daftari: siku za wiki vumbi la msitu wa Ngong Road, Jumapili lami ya Southern Bypass. Kucha zimeota upya. Kisigino kilichukua miezi minne kutulia, na hapo mazoezi ya kushusha visigino taratibu kwenye ukingo wa ngazi yalifanya kazi kubwa kuliko kiatu. Sitaki kumpa kijana sifa isiyo yake.

Kasoro zipo. Ukinunua hurudishi. Namba za wanawake kuanzia 41 ni adimu, na kuna wiki nilitoka mikono mitupu mara mbili. Jozi ya pili soli ilianza kubanduka kilomita ya 60, nafikiri kwa kuanikwa kwenye jua kali baada ya kuoshwa. Alimpa fundi jirani aishone bila kunitoza, lakini siku ile nilitembea kilomita saba kurudi nyumbani. Tangu hapo navuta ukingo wa soli kwa kucha kabla ya kulipa, na yeye huniacha nivute. Na kama una fedha za raba mpya katika duka ambapo watakupima mguu kwanza, nenda huko. Mtumba hauwezi kukuambia umebakiza kilomita ngapi.

Mimi mfuko wangu unafika Toi. Oktoba nitasimama Uhuru Gardens kwa 42 yangu ya kwanza, katika mbio za Standard Chartered, baada ya 21 ya mwaka jana. Ninayemwangalia ni Edna Kiplagat, mwanariadha wetu wa marathoni, aliyemaliza wa tatu katika marathoni ya Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Picha yake nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, juu ya viatu.

Ukienda, nenda Jumanne mchana, anapofungua beli, upate kamera, yaani zile bora za kwanza kuchaguliwa, kabla wauzaji wa mjini hawajazibeba. Vaa soksi zilezile unazokimbilia. Mwambie unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, na umwambie kweli, maana ndilo swali lake la kwanza.